Jinsi ya Kupima Ukweli wa Wanaotutunzia Wanyamapori na Samaki: Mwongozo kwa Mkazi wa Nairobi

Ukipanda matatu ya Rongai kutoka mjini na ukabahatika kupata kiti cha dirishani upande wa kushoto, punde baada ya kupita uwanja wa ndege wa Wilson utaanza kuuona ua wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mara nyingine nyani wameketi kando ya barabara wakitazama msongamano wa magari kana kwamba wao ndio wenye mji. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1946 na ina ukubwa wa takriban kilomita 117 za mraba. Ibara ya 62 ya Katiba inaziweka mbuga za kitaifa katika ardhi ya umma, ambayo serikali ya kitaifa inaishikilia kwa amana kwa niaba ya wananchi wa Kenya. Nawaomba wasomaji walisikie neno amana kama wazee wetu walivyolisikia: aliyewekewa kitu cha watu hana ruhusa ya kukila, wala ya kukaa kimya kitu hicho kikivunjika mikononi mwake.

Mwongozo huu unahusu hilo la pili, yaani ukimya na maneno ya kuzungukazunguka. Mimi si wakili wala mwanasayansi, lakini nimeandika barua za kutosha kwa ofisi za umma kujua kwamba kelele hujibiwa kwa kelele, ilhali swali dogo lililoandikwa vizuri na kugongwa muhuri hulazimisha mtu fulani afungue faili.

Anza na kilichokwisha kuchapishwa

Kabla ya kumwuliza mtu jambo lolote, soma alichokwisha kusema, kwa sababu mara nyingi jibu liko wazi na hakuna aliyelitazama. Nyaraka mbili zinatosha kwa kuanzia.

Ya kwanza ni ripoti ya sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021, iliyohesabu nchi nzima kwa mara ya kwanza. Humo utakuta ndovu 36,280, vifaru 1,739 na simba 2,589. Usiishie kwenye tarakimu. Tafuta sura inayoeleza namna ya kuhesabu. Ndovu wa nyika tambarare anaweza kuonekana kutoka kwenye ndege ndogo, lakini simba hulala vichakani mchana na kutembea usiku, kwa hiyo idadi ya simba hupatikana kwa makadirio ya kitakwimu, na idadi ya namna hiyo huwa na upana wa makosa juu na chini yake. Hakuna aliyewapanga simba 2,589 foleni akawaita majina. Afisa anayekutajia idadi pamoja na upana huo anakuheshimu. Anayeitaja kama bei ya sukari dukani huenda hajui imetoka wapi, na kutojua huko si uongo, ila ni jambo la kuandikwa kwenye daftari lako.

Ya pili ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu shirika unalolifuatilia. Mwaka wa fedha wa serikali humalizika tarehe 30 Juni, na Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya hapo kukamilisha ripoti. Fungua kwanza ukurasa wa maoni ya mkaguzi. Maoni yakiwa safi, hesabu zimekubalika. Yakiwa na dosari, soma kila aya inayoeleza dosari hizo. Na mkaguzi akisema kwamba hawezi hata kutoa maoni kwa kukosa hati, hapo pana habari kubwa kuliko vichwa vingi vya magazeti. Kisha nenda kwenye ukurasa wa mapato uone nani hasa analipia kazi hiyo. Huko Marekani, ambako wanyamapori husimamiwa zaidi na majimbo, sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa leseni za wawindaji na wavuvi, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi ulioelekezwa kwenye uhifadhi na sheria ya mwaka 1937, kwa hiyo raia wa kule asiyewinda hulalamika kwamba sauti yake haina uzito. Sisi tulipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hapa wa kuangaliwa ni watalii, wafadhili na hazina ya serikali. Anayelipa husikilizwa, na ni vyema kumjua kabla hujashangaa kwa nini jambo fulani limetangazwa haraka na lingine limecheleweshwa.

Uliza swali moja linaloweza kujibiwa kwa karatasi

Kosa ninaloliona mara nyingi ni barua ya kurasa tatu inayoanza na historia ya ukoloni na kumalizikia kwa “kwa nini mnaiharibu mbuga yetu?” Barua hiyo itajibiwa kwa shukrani na kwa aya mbili za kusifia juhudi za shirika, na mwandishi hatakuwa na la kulalamikia kwa sababu hakuuliza chochote.

Swali zuri lina mahali, muda na aina ya hati. Kwa mfano: “Naomba orodha ya wanyamapori waliokufa kwa kugongwa na magari katika barabara zinazopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi kati ya tarehe 1 Julai 2023 na 30 Juni 2024, kwa aina ya mnyama na kwa mwezi, pamoja na nakala ya ripoti ya daktari wa wanyama kwa kila kifo iwapo ipo.” Au chukua kisa cha Machi 2016, ambapo simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani, akamjeruhi mtu huko Isinya katika Kaunti ya Kajiado, kisha akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Watu wengi waliuliza kwa hasira kwa nini aliuawa. Swali ambalo lingejibika kwa karatasi ni hili: kikosi kilichotumwa kilikuwa na bunduki ya sindano ya usingizi na daktari wa kuitumia, au hakikuwa nayo, na rejista ya vifaa vya siku hiyo inasema nini?

Haki ya kuuliza imo katika Ibara ya 35 ya Katiba, na utaratibu wake umo katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, haikudai sababu ya kutaka habari, wala haitozi ada ya kuwasilisha ombi; unachoweza kulipishwa ni gharama ya kutoa nakala. Asiyeweza kuandika anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo na afisa akaliandika. Barua yenyewe haihitaji mapambo:

“Kwa Mkurugenzi Mkuu. KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA IBARA YA 35 YA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA 2016. Mimi ni raia wa Kenya. Naomba nakala za hati zifuatazo. (Hapa orodhesha, zisizidi tatu.) Naomba nitumiwe kwa barua pepe. Iwapo sehemu yoyote ya hati haiwezi kutolewa, naomba nipewe sehemu inayobaki na kuelezwa kwa maandishi kifungu cha sheria kilichotumika kuizuia.”

Taja uraia wako kwa sababu sheria inawapa haki hii raia. Mwandikie mkuu wa shirika, kwa kuwa yeye ndiye afisa wa habari kisheria hata kama kazi yenyewe ataifanya mtu mwingine. Kwa mambo ya mbuga na wanyama, mkuu huyo ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS kama tunavyoliita sote, ambalo makao yake yako kwenye Barabara ya Lang'ata, langoni mwa mbuga. Kwa athari za ujenzi, ni mamlaka ya mazingira, NEMA, iliyoko South C. Ukikosea mlango usihangaike: ofisi iliyopokea ombi lisilo lake inapaswa kulihamishia inakohusika ndani ya siku 5.

Muhuri

Peleka barua kwa mkono na ubebe nakala mbili. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndipo maombi mengi hufia.

Wakati mmoja nilipeleka barua katika ofisi ya umma hapa jijini. Karani wa mapokezi aliitazama bahasha, akanyoosha kidole kwenye trei iliyojaa, akasema, “Acha hapo, tutakupigia.” Nilimwambia kwa upole kwamba ningependa nakala yangu igongwe muhuri. Akasema mwenye muhuri ameenda kula. Nikamwambia hakuna neno, nitamngoja, nikaketi kwenye benchi kwa muda unaokaribia saa nzima, nikisoma bango moja la kupinga ufisadi mpaka nikalikariri. Mwenye muhuri aliporudi aligonga nakala zote mbili bila kinyongo. Nilipofika mlangoni ndipo nikaona kwamba tarehe iliyogongwa ilikuwa ya juzi. Nikarudi. Akacheka, akauzungusha mkanda wa tarehe kwa ukucha wa kidole gumba, akagonga upya pembeni na kutia sahihi. Sikuona hila ndani yake, ila uzembe wa kawaida. Lakini tarehe ile ndiyo iliyoanzisha saa ya kisheria, na laiti ningeondoka nayo ilivyokuwa, hesabu yangu yote ingekuwa na ufa.

Ofisi ina siku 21 za kuamua na kukujulisha, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Inaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, hati zikiwa nyingi au ikihitaji kushauriana na wengine. Muda ukipita kimya, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa ombi limekataliwa. Andika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani siku ile ile unayorudi na nakala yako.

Kusoma jibu

Mwishoni mwa Juni 2018 vifaru weusi walianza kuhamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Waliohamishwa walikuwa 11, na wote 11 walikufa. Umma haukuipata habari hiyo kwa mkupuo mmoja. Idadi ya vifo iliendelea kupanda kutoka tangazo hadi tangazo, na maelezo yaliyofuata yakataja maji yenye chumvi nyingi waliyoyakuta mahali papya, huku kifaru wa mwisho akiwa ameshambuliwa na simba. Ninakirudia kisa hiki kwa sababu kinafundisha kusoma taarifa za serikali kuliko somo lolote la uandishi wa habari.

Chukua taarifa ya aina hiyo na kalamu. Kwanza pigia mstari kila kitenzi na umtafute mtendaji wake. “Kulitokea changamoto wakati wa zoezi” ni sentensi isiyo na mtu ndani yake, na neno changamoto limebeba mizigo mingi katika nchi hii. “Daktari wetu alipima maji tarehe fulani na matokeo yalikuwa haya” ni sentensi yenye mtu, siku na kitu cha kuthibitishwa. Kisha andika tarehe mbili kando kwa kando: siku ambayo jambo lilijulikana ndani ya ofisi, na siku ambayo sisi tuliambiwa. Pengo kati ya tarehe hizo ndilo kipimo changu cha kwanza cha uaminifu, na ninakipa uzito kuliko kosa lenyewe, kwa kuwa mnyama aweza kufa mikononi mwa daktari bora kabisa. Mwisho, tafuta kama taarifa imeambatana na hati yoyote. “Uchunguzi unaendelea” ni jibu halali kwa wiki chache. Baada ya hapo uliza kwa barua nyingine ni nani anayechunguza, aliteuliwa lini na ripoti inatarajiwa lini.

Naongeza jambo ambalo wenzangu wengi hawalipendi. Afisa anayesema “bado hatujui” anastahili kuaminiwa zaidi ya yule mwenye jibu tayari kwa kila swali. Tukimrarua kila anayekiri kutojua, tutabaki na wasemaji wanaojua kupamba maneno tu.

Siri zilizo halali

Usilichukulie kila “hapana” kuwa uficho. Sheria inaruhusu habari zizuiwe kwa sababu za usalama na za faragha ya watu, na katika kazi hii sababu hizo mara nyingi ni za kweli. Mahali vifaru walipo ndani ya mbuga, ratiba za doria na nafasi za kamera ni habari ambazo jangili angezilipia fedha nyingi, na mimi nisingependa kuziona kwenye barua yangu. Kwa sababu hiyo hiyo, ukipiga picha ya kifaru mbugani, zima kwanza kipengele cha simu kinachorekodi mahali.

Lakini siri ya mahali si siri ya fedha. Gharama ya ua, jina la kampuni iliyoshinda zabuni, idadi ya madai ya fidia yaliyolipwa na yaliyokwama, vyote hivyo haviwezi kumsaidia jangili. Hapo ndipo unapouliza kifungu. Na hata pale kifungu kipo, habari inaweza kutolewa ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara. Serikali ilipochoma tani 105 za pembe za ndovu katika mbuga hii tarehe 30 Aprili 2016, pembe hizo zilikuwa zimehesabiwa na kupimwa uzani kabla, na kutangaza uzani huo hakukumdhuru mtu.

Mikutano ya maoni

Mradi mkubwa unapoathiri mazingira, ripoti ya tathmini ya athari hutangazwa magazetini na katika Gazeti Rasmi la Serikali, na umma hupewa muda wa kutoa maoni. Reli ya kisasa inayokatiza mbuga juu ya daraja la takriban kilomita 6 ilipitia mabishano ya namna hiyo hadi kwenye mahakama maalum ya mazingira. Vivyo hivyo mwaka 2020, rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga wa 2020 hadi 2030 ilipotoka ikiwa na mapendekezo ya hoteli na ua, wenye hoja nzito walikuwa wale waliotaja ukurasa na aya.

Fika na maoni yako yakiwa yameandikwa, ukurasa mmoja, na umkabidhi katibu wa mkutano hata kama utapewa nafasi ya kusema, kwa sababu dakika mbili za kipaza sauti hazihifadhiwi na mtu. Kisha tahadhari na karatasi ya mahudhurio. Iliwahi kupitishwa mbele yangu karatasi isiyo na kichwa, kati ya soda na sambusa, na karibu ukumbi mzima ukatia sahihi bila kuuliza ni ya nini. Soma kichwa. Kikikosekana, andika mwenyewe kando ya jina lako: “nimehudhuria tu.” Watu watakutazama vibaya kidogo.

Samaki wa Gikomba

Kwa samaki, mkazi wa Nairobi ana kipimo ambacho hana kwa ndovu, nacho ni macho yake sokoni. Kanuni ya mbuta wa Ziwa Victoria, samaki ambaye Watanzania humwita sangara, ni kwamba avuliwe akiwa na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85: aliye mdogo hajazaa, na aliye mkubwa ndiye mzazi bora. Omena, yaani dagaa wa ziwa hilo, nao hupumzishwa kuanzia Aprili hadi Julai upande wa Kenya. Nenda Gikomba asubuhi na futi ya fundi cherehani, omba ruhusa ya mwenye meza, upime kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Ukikuta mbuta wa sentimita 35 wamepangwa kama viatu, usimshambulie mama anayewauza. Yeye ameamka saa tisa usiku kununua kilichokuja. Samaki huyo amepita ufuoni, kwenye kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kisha barabara nzima hadi hapa, na swali lako ni la wakaguzi wa njiani.

Uvuvi uko chini ya kaunti na chini ya serikali ya kitaifa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila ofisi huelekeza kwa jirani. Andikia zote mbili siku moja barua yenye maneno yale yale, uombe idadi ya ukaguzi uliofanywa, samaki waliokamatwa na kesi zilizofikishwa mahakamani. Majibu mawili yasipopatana, umepata swali la barua ya tatu.

Ukikataliwa

Una siku 30 tangu kujulishwa uamuzi kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaijua kama ofisi ya Ombudsman. Ambatisha barua yenye muhuri, jibu ulilopewa na maelezo mafupi. Hapa ndipo ile nakala ya pili inapolipa nauli yake. Kwa leseni ya mazingira unayoipinga, mahakama maalum ya mazingira hupokea rufaa ndani ya siku 60. Na Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia, ingawa kabla ya kufika huko tafuta ushauri wa wakili na uhesabu mfuko wako.

Jibu likija, lisambaze likiwa zima. Mimi nikipewa kurasa nne, huwatumia majirani wa mtaani zote nne pamoja na barua yangu ya kwanza, hata pale ukurasa wa tatu unapoonyesha kwamba ofisi ilifanya kazi yake vizuri na mimi ndiye niliyekuwa nimeshuku bure.